Mpima Ardhi Anatafuta Alikozikwa

Jioni Sulo Zhupa alipobisha hodi kwa mara ya kwanza, Pandeli Skura alikuwa amesimama juu ya kigoda sebuleni kwake, miguuni ana soksi tu, anateremsha picha ya Kiongozi. Mkewe, Vitore, alikuwa amemshikia kigoda kisiyumbe. Wiki ile sanamu la shaba lilikuwa limeangushwa katika uwanja wa mji mkuu na kuburutwa kwa kamba kama ng'ombe aliyegoma kutembea. Pandeli, Katibu wa Chama wa wilaya nzima ya Kolshat, hakutaka jirani amkute na picha ile ukutani, wala hakutaka jirani amwone akiitoa, kwa hiyo mapazia yalikuwa yamefungwa. Picha ilipotoka ikaacha mraba mweupe kwenye ukuta uliofifia kwa moshi wa jiko. Vitore akasema mraba huo unapiga kelele kuliko hata picha yenyewe.

Hapo mlango ukagongwa. Vitore akaenda kufungua, akarudi anajifuta mikono kwenye aproni.

"Ni Sulo, mpima ardhi."

"Sulo gani?"

"Kwani unawajua wapima ardhi wangapi wanaoitwa Sulo? Yule mliyesema amekimbilia Ugiriki."

Pandeli akashuka taratibu, akaisimamisha picha nyuma ya kabati, uso umeelekea ukutani. "Mkaribishe basi," akasema.

Mambo ya namna hiyo hayakuwa mageni mwaka ule. Walio hai wa nchi ile walikuwa wakiondoka kwa meli kwenda Italia, wamening'inia hadi kwenye milingoti, na wafu walikuwa wakirudi kwa miguu. Walipita ngazini jua likizama, wakijibanza ukutani kuwapisha wanawake wenye mikebe ya maziwa, na watu waliwasalimu kama wanavyosalimiwa wageni wa jirani. Jaji mstaafu wa ghorofa ya chini alikuwa akitembelewa na wawili kila jioni, na lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba hawafuti miguu.

Sulo alifuta miguu. Hata hivyo udongo wa manjano haukuisha kwenye buti zake, na baada ya muda akauacha. Alikuwa na kifaa chake cha kupimia begani, kile cha miguu mitatu, na kitambaa alichofungwa machoni siku ya kuuawa sasa kilikuwa kimeteremka shingoni, kimekaa kama skafu. Umri wake haukuwa umesogea. Alikuwa na miaka arobaini ileile.

"Hujambo, mdogo wangu," akasema. "Lo, umeota mvi! Umenipita sasa."

"Sijambo, Sulo. Kaa."

Sulo hakukaa mara moja. Alikuwa akiutazama ule mraba mweupe, kafunga jicho moja. "Msumari ulikwenda upande," akasema. "Miaka yote hiyo picha ilikuwa imepinda."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nani angekwambia?" Sulo akacheka, akaketi.

Vitore akaleta kahawa katika mdila mdogo wa shaba. Sukari ilikuwa imepotea madukani tangu mwaka mpya, kwa hiyo kahawa ilikuwa chungu, na jambo hilo lazima lielezwe kidogo. Kule Kolshat, kahawa ya siku ya kawaida ina sukari, na anayeinua kikombe anasema, "Furaha nyumbani." Kahawa chungu ni ya matanga. Mtu anakunywa, anatua kikombe, anasema, "Mungu amsamehe," na kwa maneno hayo marehemu anahesabika kuwa marehemu na mjane wake kuwa mjane. Hata Chama kilipofunga misikiti na makanisa hakikuweza kuyafunga maneno hayo. Makatibu wenyewe waliyasema, kwa sauti ya chini. Mwaka ule ambao wote walikunywa chungu, kilichobaki cha kutofautisha ni ulimi, na watu waliuangalia ulimi wao sana.

Pandeli akanywa. Akatua kikombe.

"Sema linalosemwa," Sulo akamwambia kwa upole. "Hakuna aliyewahi kunisemea."

"Mungu amsamehe," Pandeli akasema.

"Ahsante." Mpima ardhi alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa umelegea kwa raha. "Sasa nikwambie kilichonileta. Nataka kujua nimelala wapi."

Pandeli alijua. Kati ya waliobaki hai nchini, ni yeye tu aliyejua. Mkuu wa usalama wa wakati ule alikuwa amekufa kitandani kwake huko mji mkuu akiwa na medali zake, na kati ya askari wawili waliompiga Sulo risasi, mmoja alipigwa na radi na mwingine alikuwa ameshapanda meli. Pandeli akaitazama kahawa iliyobaki chini ya kikombe, akasema hajui.

"Basi nitapima," Sulo akasema, wala hakuonyesha kukata tamaa. "Mimi ndiye niliyeipima wilaya hii. Nitakuwa mahali fulani humohumo."

Yaliyotokea ni haya. Mwaka wa sabini na nne Kiongozi aliagiza nchi nzima ijazwe mahandaki ya zege, ya mviringo kama mabakuli yaliyopinduliwa, kila moja na tundu la bunduki likimtazamia adui ambaye alikuwa njiani siku zote. Sulo ndiye aliyepima pa kuyaweka. Pandeli, kijana wa Chama asiye na kazi maalumu, alimshikia ncha ya mnyororo wa kupimia msimu mzima. Walikula pamoja jibini na vitunguu chini ya miti ya plamu, na Sulo akamfundisha kusoma mteremko kwa jicho tu. Kisha familia moja ikavuka mpaka. Mkuu wa usalama akaitisha mkutano, akauliza ni nani aliyewaonyesha njia iliyo wazi kati ya handaki na handaki. Ukumbi mzima ukawa kimya. Pandeli akaogopa kwamba kimya kile kitamwangukia yeye, aliyeshika ncha ya pili ya mnyororo. Akasimama, akasema katika wilaya hii anayejua vipimo vyote ni mtu mmoja tu.

Sentensi ilikuwa hiyo moja. Kwa ajili ya sentensi hiyo walimchukua pia Pandeli siku ya kumpeleka Sulo, aonekane yuko upande gani, na mkuu wa usalama akamwuliza ni handaki lipi litakalomiminiwa zege kesho. Akajibu, la Gurra, kwenye shamba la plamu. Sulo akapigwa risasi akafukiwa humo, na kesho yake zege likamiminwa juu yake. Mji ukaambiwa mpima ardhi amekimbilia Ugiriki, na mkewe, Resmije, akapakiwa kwenye lori na kupelekwa kijiji cha adhabu kwa kosa la kuolewa na msaliti. Huko alichimba viazi miaka kumi na saba, mke si mke na mjane si mjane.

Basi Sulo akawa mtu wa kila jioni. Mchana hakuna aliyemwona. Jua likigusa mlima anabisha hodi, anafuta miguu bila mafanikio, anaketi kiti kilekile karibu na jiko na kutoa ripoti ya kazi.

"Leo nimemaliza kilima cha Shkoza chote," anasema. "Simo."

"Pole," Pandeli anasema.

"Kesho nashika bonde la mto. Yako mengi kule. Hivi kwa nini niliweka mengi hivyo bondeni? Ardhi nzuri ya ngano ile."

"Uliagizwa."

"Kweli, niliagizwa."

Kisha kahawa, kisha "Mungu amsamehe," kisha Sulo anaondoka na kifaa chake. Katika mwaka mzima Pandeli hakuikosa jioni hata moja, isipokuwa mara chache alizokuwa safarini, na maneno yale yakamkaa mdomoni kama jina lake mwenyewe. Cha ajabu ni kwamba alianza kuyangoja. Alimpenda Sulo zamani, na sasa alimpenda tena. Alimwogopa vilevile. Mapenzi na hofu vikakaa pamoja ndani yake, navyo havikugombana.

Vitore ndiye aliyechoka.

"Mwambie," alisema jioni moja, Sulo akiwa ameshateremka ngazi. "Mimi napiga deki udongo wa mtu kila siku ya Mungu. Sijakuuliza kitu. Sasa nakuuliza. Unajua au hujui?"

"Nilikuwa kijana, Vitore."

"Sikukuuliza umri."

"Nikimwambia yupo wapi, wataniuliza nimejuaje."

Vitore akalikamua tambara ndani ya ndoo. "Si wakuulize," akasema. Baada ya hapo alikuwa akimwekea Sulo kikombe kizuri, kile chenye ukingo wa dhahabu, na mumewe kikombe chenye ufa.

Mwaka huo Pandeli alitoka katika Chama. Alitoka mapema, kabla mlango haujajaa watu. Alisimama katika uwanja wa Kolshat mbele ya msingi mtupu wa sanamu na kusema kwamba wamedanganywa, wote, na yeye akiwa miongoni mwao. Sauti ilimtetemeka, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Mtu anaweza kulia kweli na bado akachagua maneno. Chama kipya kikamfanya mwenyekiti wa wilaya, na baridi iliyofuata kikamsimamisha kugombea ubunge. Alijua kusema, alimjua kila mtu na kila mtu alimjua. Dereva wake alikuwa yuleyule Thanas aliyemwendesha zamani, na gari lilikuwa lilelile, ila limepakwa rangi ya buluu. Hata hivyo Thanas alishindwa kubadili ulimi.

"Ndugu Katibu, tunaanza mtaa gani?"

"Bwana mwenyekiti, Thanas. Bwana. Nimekwambia mara ngapi?"

"Samahani, Ndugu Bwana."

Kampeni za Kolshat hufanyika kwa kahawa. Mgombea anaingia kila nyumba ya mtaa, anakunywa kikombe, anasema "Furaha nyumbani," anatoka. Akiiruka nyumba moja ameutangazia mtaa mzima kwamba kuna jambo kati yake na nyumba hiyo. Ndiyo maana Thanas, walipofika mtaa wa juu alasiri ya mwisho ya kampeni, alizima gari mbele ya nyumba fulani na asishuke.

"Mzee, hii tungeiruka."

"Kwa nini?"

"Ni ya mke wa Sulo. Amerudi kutoka kule viazini. Nyumba imejaa watu, wanakungoja."

Pandeli akatazama juu ya mlima. Jua lilikuwa bado limeinuka kidogo. Akahesabu kwamba akinywa haraka atakuwa barabarani kabla halijazama. Aliiweka tai sawa, akashuka.

Chumba kilijaa. Majirani walikuwa wamekaa kwenye makochi, wengine wamesimama dirishani, wanaume na kofia zao magotini. Resmije alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa ya kazi, na kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheupe. Mwanamke wa umri wake, mumewe hayupo miaka yote hiyo, angepaswa kuvaa cheusi. Lakini cheusi huvaliwa matanga yakishafunguliwa, na matanga hufunguliwa na neno la mtu, na neno hilo hakuna aliyekuwa amethubutu kulisema. Msaliti aliye Ugiriki hafi.

"Karibu, mwanangu wa Chama," Resmije akasema. "Cha zamani au kipya, sijui nikuiteje."

"Niite Pandeli, dada."

"Haya, Pandeli. Kaa hapo. Alikuwa akikaa hapo."

Akaketi. Akasema aliyozoea kusema, barabara, mkate, umeme usiokatika, kila mtu na shamba lake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Resmije alikuwa jikoni na hakuonyesha haraka. Mdila wake ulichelewa kuchemka kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi. Miti ya barabarani ilikuwa imekatwa yote msimu ule. Pandeli akawa anazungumza huku jicho liko dirishani. Mwanga ukawa wa manjano, kisha wa shaba. Jasho likaanza kumtoka chini ya kola, akaogopa hata kulifuta.

Hatimaye Resmije akaja na sinia. Hakukuwa na sukari. Nani alikuwa na sukari? Kikombe akampa kwa mkono wake, kisha akabaki amesimama mbele yake kama desturi inavyotaka, akingoja neno.

Ndipo mlango ukabishwa, mbisho wa taratibu alioujua vizuri. Mtu wa karibu akafungua. Sulo Zhupa alikuwa amemkosa Pandeli nyumbani, Vitore amemwelekeza, naye amekuja. Alisimama kizingitini na kifaa chake begani, akifuta miguu, akifuta, bila kuinua macho kutazama ni nyumba ya nani.

"Nimemaliza bonde la mto, mdogo wangu," akasema. "Simo."

Pandeli alikuwa ameshameza. Mkono ukatua kikombe kwenye sinia wenyewe, na mdomo, uliokuwa na mazoea ya mwaka mzima, ukasema mbele ya mtaa wote, "Mungu amsamehe."

Resmije aliliweka sinia mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyebeba mayai. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitambaa cheusi kilichokunjwa, kilichoonekana kupigwa pasi mara nyingi. Akavua cheupe, akafunga cheusi. Wanawake wawili wakamsaidia kukaza fundo nyuma. Matanga ya Sulo Zhupa yakawa yamefunguliwa. Ndipo alipogeuka kumtazama mumewe.

"Sulo."

Sulo akainua kichwa, akaona makochi, akaona dirisha, akamwona yeye. Uso wake ulijaa aibu. Mwaka mzima alikuwa amekataa kuja. Alimwambia Pandeli mara nyingi: siendi kwake mikono mitupu, ataniuliza nimelala wapi, nimjibu nini?

"Umelala wapi miaka yote hii?" Resmije akauliza.

"Sijui, mke wangu. Haki ya Mungu sijui. Nimekuwa nikimwuliza bwana huyu."

Watu wote wakamgeukia Pandeli.

Hapo neno lilikuwa moja tu, nalo ni Gurra. Silabi mbili. Likamjia hadi kwenye meno. Aliiona njia nzima itakayofuata: watu watachukua nyundo na sururu, watapanda hadi shamba la plamu, usiku wa leo mifupa itakuwa juu ya meza hii imefunikwa shuka safi, Resmije atalia kilio chake, na Sulo hatabisha hodi tena. Aliiona pia njia yake mwenyewe, mtu akiuliza, na wewe ulijuaje? Akaona mikono ya wanaume wale ikiacha kofia. Alikuwa na woga uleule wa ukumbini, haukuwa umezeeka hata siku moja. Akasimama, kama alivyosimama wakati ule.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ikamtetemeka, kwa kweli kabisa. "Mama huyu anauliza swali ambalo nchi nzima inauliza. Nawaahidi. Chama kipya kikishika madaraka, tutaunda tume. Tume itamtafuta Sulo Zhupa mpaka apatikane!"

Kisha mzee mmoja dirishani akapiga makofi. Hakuwa na nia mbaya. Kwa miaka arobaini na zaidi, watu wa Kolshat walikuwa wakisikia sauti ikipanda namna ile mwishoni mwa sentensi, na sauti ikipanda hivyo mikono hukutana. Akafuata wa pili. Wakafuata wote, kwa mpigo mmoja, wamesimama, kama walivyofundishwa. Sulo naye, pale kizingitini, akaegemeza kifaa chake ukutani ili awe na mikono miwili, akapiga makofi. Resmije peke yake hakupiga. Aliinama akachukua kikombe cha Pandeli, akakitazama ndani.

"Umebakisha," akamwambia. "Maliza."

Akamaliza, machicha na yote, akatoka. Garini Thanas akamtazama, akavua koti lake, akamfunika. Nyuma yao majirani walikuwa wakiingia mmoja mmoja kunywa kahawa chungu na kusema neno, na foleni ilifika hadi barabarani.

Jumapili akashinda. Alishinda kwa kura ambazo hata Chama cha zamani, kilichokuwa kikijihesabia chenyewe, kingezionea wivu. Mtaa wa juu ulimpa kura zote. Walisema huyu ni kiongozi wa kwanza kuinamisha kichwa kwa ajili ya marehemu wao, na mbele ya mjane, bila kuandikiwa hotuba. Kura ya Resmije nayo ilikuwamo, ilidaiwa. Yeye alipoulizwa alisema alikwenda kuweka karatasi kwa sababu gari la wapiga kura lilikuja mlangoni, na maisha yake yote gari likija mlangoni anapanda.

Tume iliundwa. Pandeli alikuwa mwenyekiti wake. Ilichimba Shkoza, ilichimba bonde la mto, ilivunja mahandaki mengi, na watu wakachukua nondo kujengea mabanda ya kuku. Resmije alihudhuria kila mahali na shuka lake safi mkononi, na kila mara alirudi nalo limekunjwa vilevile. Alikuwa mjane kamili sasa, angalau hilo alilipata. Jioni aliacha mlango wazi. Sulo alifika hadi kizingitini, akamjulia hali, akamwambia bado anatafuta, akaendelea na safari. Ndani hakuingia. Na Resmije hakumlazimisha. Alikuwa na maneno yake kwamba mwanamume anarudi nyumbani mzima au harudi.

Ardhi ya ushirika ilipogawiwa, Mheshimiwa Pandeli Skura aliomba kiwanja katika shamba la plamu la Gurra. Watu walishangaa kwamba ameomba kidogo hivyo, mlimani, mahali penye handaki ambalo hakuna anayelitaka. Mafundi walitaka kulilipua. Alikataa, akasema ni msingi mzuri tayari, zege la siku zile halikuibwa saruji. Wakajenga juu yake. Tundu la bunduki wakaliziba kwa matofali, na sebule ikakaa sawasawa juu ya lile bakuli, na mahali pa jiko, na viti vitatu. Vitore akahamia. Alizunguka chumba, akasimama katikati, akavua viatu. Tangu siku hiyo hajawahi kukanyaga sebule ile na viatu, wala kumwita mumewe kwa jina.

Ulikuwa mwisho wa majira ya plamu Sulo alipofika huko kwa mara ya kwanza. Jua liligusa mlima, mbisho ukasikika, akafuta miguu. Akaingia, akafunga jicho moja.

"Sakafu iko sawa," akasema. "Fundi wako anajua kazi."

"Kaa, Sulo."

Akaketi. Akanyoosha miguu yake yenye buti mbele ya jiko, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sukari ilikuwa imejaa tele madukani wakati huo, kopo lilikuwa mezani, lakini Vitore alileta kahawa chungu, na kikombe chenye ukingo wa dhahabu.

"Ajabu moja," Sulo akasema. "Unajua miguu inaniuma kila mahali. Wilaya nzima. Hapa kwako tu haiumi."

"Ni joto la jiko," Pandeli akasema.

"Labda ni jiko." Alikuwa akisinzia, kidevu kikigusa kile kitambaa. Kisha akajikaza, akakaa wima, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha. "Haya, mdogo wangu. Wilaya nimeimaliza. Simo popote. Kesho nianze wapi?"

Vitore alikuwa amesimama mlangoni na sinia, peku, anamtazama mumewe. Pandeli hakumtazama. Aliinua miguu yake kidogo kutoka sakafuni, akaiweka juu ya kijiti kinachounga miguu ya kiti.

"Rudia Shkoza," akasema.

"Shkoza nilishamaliza."

"Rudia tu. Pengine ulikosea kipimo."

Sulo Zhupa, ambaye katika uhai wake hakuwahi kukosea kipimo hata kwa upana wa kidole, aliutazama moto, akaitazama mikono yake.

"Pengine," akasema.

Pandeli akainua kikombe, akanywa, akakitua, akasema linalosemwa.